Upindo wa Wimbo wa Mokami

Mokami alikwisha kusema, na huyo akisema amesema: wimbo wake ukipigwa kwenye sendofu ya binti yake Stefania bila jina lake kuonekana kwenye runinga kubwa, atainuka aende zake kupalilia muhogo, na bibi harusi atajikabidhi mwenyewe kwa wakwe. Miaka thelathini kijiji kizima cha Nyakunguru kinauimba "Jembe Limeamka." Hata wachimba dhahabu waliokuja juzi kutoka mikoani wanaupiga mluzi. Ukiwauliza ni wa nani, wanakwambia ni wa zamani. Wa zamani, na mwenyewe yuko hai anakula ugali.

Ndiyo maana Robi, binti yake mkubwa, fundi cherehani mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe, alikwenda mpaka Sirari kuurekodi kwa Malimi mwenye studio. Nusu saa nzima, yeye na mpiga litungu, kwenye faili la FLAC, lile lisilopunguza sauti, hata ukucha ukigusa uzi wa litungu unausikia. Kisha akamkodi Malimi huyo huyo alete mitambo siku ya shughuli.

Siku ndiyo leo. Saa tisa alasiri, MC Jackson kashika kipaza sauti, wakwe wameketi, na Robi kachungulia kompyuta ya Malimi. Penye jina la mwimbaji pameandikwa "Lobi." Jina la mtunzi halipo kabisa.

"Lobi ndiye nani?"

"Si wewe?" Malimi, Msukuma wa Shinyanga, alishangaa kweli. "Ulitamka Robi. Mimi nina miaka miwili Sirari, najua Mkurya akisema 'kurara' anataka kulala. Nikakurekebishia."

Robi alitaka kukasirika, kicheko kikamuwahi. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea, na huku anacheka anaogopa, maana mama yake yuko pale mbele, macho kwenye runinga, anangoja neno moja tu. Mokami alisoma elimu ya watu wazima mwezi mmoja. Alipofika kwenye jina lake akasema hilo linamtosha, na mpaka leo ndilo neno pekee analolisoma bila msaada wa mtu.

"Rekebisha basi. Na umwandike Mama."

"L kuwa R ni kufumba na kufumbua. Kuongeza ndiyo shida." Malimi alijikuna kisogo. "Majina yanakaa mwanzo wa faili, sauti inafuata nyuma yake. Ukiongeza maneno, sauti yote inasukumwa, faili linaandikwa upya toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hii flashi ya kizee ni dakika kumi. Na umeme ukikatika katikati, wimbo ndiyo basi tena."

Jackson akatangaza kwamba baada ya dakika tatu mama mzazi atamkabidhi binti kwa wimbo maalumu.

"Hakuna njia nyingine?"

"Labda. Huwa naacha nafasi kati ya majina na sauti. Haina kitu, haisikiki, ni sifuri tupu. Ukiongeza neno linakula ile nafasi, sauti haisogei hata kidogo."

Robi alimkodolea macho, kisha akampiga kofi la begani.

"Kumbe ni upindo! Sketi ya shule naikunjia vidole vinne kwa ndani. Mtoto akirefuka nafumua upindo, sishoni sketi mpya. Wewe uliacha vidole vingapi?"

Malimi akaangalia, uso ukamshuka. Ile picha ya Robi na kilemba chekundu, aliyoing'ang'ania mwenyewe iwe jalada, ilikuwa imekula karibu nafasi yote. Ukitoa herufi za lebo yenyewe ya "Mtunzi," zilibaki nafasi za herufi kumi na tano.

Robi akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mokami mama yake Robi" hapana. "Mokami wa Nyakunguru," ishirini, maana hata mwanya kati ya maneno unahesabiwa. "Mokami Waitara," kumi na nne.

"Andika."

Malimi aliandika, akabonyeza, na kabla Robi hajavuta pumzi faili lilikuwa limehifadhiwa. Lobi akawa Robi papo hapo. Robi aliruka kama ndama aliyefunguliwa, akakanyaga waya, Malimi akaudaka.

Litungu likalia. Runinga ikaandika: Jembe Limeamka. Mwimbaji, Robi. Mtunzi, Mokami Waitara. Mama akainua kidole hewani akafuata herufi moja moja, midomo inacheza. Alipofika mwisho wa "Mokami" akarudia tena, kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani hata Isebania, ng'ambo ya mpaka, walikisikia. Robi alilia kwa furaha bila aibu, mbele za wakwe.

Ghafla Mokami akainua mkono. Muziki ukasimama.

"Hilo neno baada ya jina langu linasemaje?"

"Waitara, Mama," Jackson alijibu.

Mzee Waitara, mumewe, akavuta koti vizuri na kutabasamu kwenye meza kuu.

"Waitara alitunga nini?" Mokami aliuliza. "Wimbo unasema jembe limeamka, mwenye jembe bado anakoroma. Aliyekuwa anakoroma ni nani?"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, akakiri kuwa ni kweli, alikuwa na usingizi mzito ujanani.

"Mtoeni," Mokami alisema.

Malimi akambonyeza Waitara, akatoka. Kwenye runinga, penye mtunzi, likabaki jina moja.

"Shikamoo, Mama," Malimi aliita kutoka kwenye mitambo. "Nafasi imerudi. Kuna herufi tisa tupu. Niweke nini?"

Mokami alilitazama jina lake lilivyosimama peke yake. Akamshika Stefania mkono ili amkabidhi.

"Acha hivyo hivyo," alisema. "Bado natunga."