Mfuko wa Namba Kumi na Tisa

Watu wa tawi la mashabiki walimwita Mama Jezi, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa akifua nguo za timu katika chumba cha nyuma ya uwanja, chenye mashine mbili, moja nzima na nyingine ya kutukanwa, makaro matatu ya saruji, na kamba za kuanikia zilizokata ua kutoka ukuta hadi ukuta. Ushabiki aliuanza kabla ya kazi. Timu ikifungwa, chai ya siku hiyo haimshuki.

Makocha alikuwa akiwapima kwa nguo zao. Ndani ya mwaka mmoja walikuja watatu. Wa kwanza alikuja na suti, akaondoka na suti ileile, vumbi la uwanja hata halijamgusa. Wa pili alikuwa mtu wa jasho, shati lake ukilikamua unapata nusu ndoo. Huyo Mama Jezi alimpenda, na huyo ndiye waliyemfukuza baada ya sare mbili. Wa tatu ndiye huyu wa sasa, mwenye kofia, wa maneno ya kuhesabu. Nguo zake haleti kufuliwa. Anazifunga kwenye begi, anaondoka nazo.

"Mtu asiyetaka nguo zake zionekane ana neno," Mama Jezi alimwambia mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kinyozi, na ndiye mwenyekiti wa tawi. Duka lake lilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu, na benchi la ukutani ambalo kila Jumamosi alasiri lilijaa watu wasiokuja kunyoa.

"Ana neno gani, dada?"

"Nikilijua nitakwambia."

Jambo la kwanza alilofanya kocha mwenye kofia ni kufunga geti la mazoezi na kuzungushia mabati kwenye wavu, mashabiki wasichungulie. Jambo la pili, alimleta mshambuliaji wake, kijana mrefu kutoka timu ambayo hakuna mtu pale tawini aliyewahi kuiona ikicheza. Akapewa wiki tatu za majaribio na jezi namba kumi na tisa. Kwenye mechi anaingizwa dakika za mwisho, anagusa mpira mara mbili, kipenga kinalia.

Tawi zima likasimama masikio. Hawakuwa watu wa kudanganywa mara ya kwanza. Msimu uliopita alisajiliwa winga aliyesifiwa kwa mbio, kumbe mbio zenyewe za kuukimbia mpira. Kabla yake alikuja kipa na glavu pea sita na mikono miwili isiyoshika kitu. Kila usajili mpya ukitangazwa, pale kwenye benchi swali la kwanza halikuwa anacheza namba ngapi. Lilikuwa: kaletwa na nani?

"Huyo ni shemeji yake kocha," alisema fundi viatu, ambaye kwake kila mtu alikuwa shemeji wa mtu.

"Umejuaje?"

"Mtazame masikio."

"Masikio ya shemeji yanafananaje, we mzee? Shemeji si damu!"

Walicheka, lakini shaka ilibaki pale pale. Na kwa kuwa geti lilikuwa limefungwa, habari za ndani zilibaki na mlango mmoja tu: chumba cha kufulia.

Kila mchezaji alikuwa na mfuko wake wa wavu wenye namba. Mazoezi yakiisha anaoga, anatia nguo mfukoni, anautupa mlangoni kwa Mama Jezi, anakwenda zake. Mama Jezi anakuja alasiri, uwanja ushakuwa mtupu, anaifungua mmoja mmoja. Dirisha lake lilitazama ukuta, hivyo mazoezi yenyewe hakuyaona hata siku moja. Hakuwa na haja. Beki wa kulia alikuwa na matope ubavu wa kushoto tu, maana anateleza kwa upande mmoja. Nahodha aliacha ramani ya chumvi nyeupe mgongoni. Kiungo fulani soksi zake zilikuwa kama za mtu aliyekwenda kusalimia wakwe, na Mama Jezi alisema mwezi mzima kabla ya wote kwamba yule hakimbii, na kweli akaachwa. Toka siku hiyo neno lake tawini likawa kama muhuri.

Sasa mfuko wa namba kumi na tisa. Siku ya kwanza aliufungua, akatoa bukta nyeupe. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Hakuna doa. Unyevunyevu tu, kama wa mtu aliyeoga akairundika pamoja na taulo. Siku ya pili hivyohivyo. Wiki ya pili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, mifuko mingine yote ikaja mizito kama viroba vya udongo, ila ule. Mama Jezi aliiinua ile bukta kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kama mtu anayetazama noti ya bandia.

Jumamosi akalitoa la moyoni. Alisema akiwa amesimama mlangoni mwa kinyozi na kanga yake begani.

"Hachezi. Mvua yote ile, bukta nyeupe pe! Ama kocha anamficha ni mgonjwa, ama hafanyi mazoezi kabisa, anakaa pembeni anatazama wenzake."

"Nilisema mimi!" Fundi viatu alipiga paja. "Wiki tatu zikiisha wanampa mkataba mrefu, tunabaki na kilema."

"Anaingia uwanjani safi, anatoka safi," akadakia muuza magazeti. "Huyo ni bwana harusi."

Jina likashika palepale. Kufika Jumapili, namba kumi na tisa alipoinuka benchi, upande mmoja wa uwanja ulimpigia vigelegele vya harusi. Kijana aligeuka akawatazama, hakuelewa. Mama Jezi, aliyekuwa amekaa katikati ya wapiga vigelegele, alielewa, na akaona raha kidogo.

Likabaki jambo moja. Tangu mwaka ule mashabiki walipogoma kuingia uwanjani, kamati ya timu ilikuwa haimpi mtu mkataba bila kusikia matawi. Jumatatu ya wiki iliyofuata kinyozi angekwenda kusema neno la tawi juu ya namba kumi na tisa. Matawi mengine yalikuwa yamegawanyika, hivyo neno hilo ndilo lingemweka au lingemwondoa. Walikubaliana wathibitishe Jumamosi, ila kila mtu alishajua litakuwa neno gani: aondoke.

Jumatano maji yalitangazwa kukatika kuanzia saa saba. Mama Jezi akawahi asubuhi, mazoezi yakiwa bado yanaendelea, ili ajaze mapipa. Alisikia kipenga kikilia kwa mbali, kisha makelele ya kuoga, kisha viatu vikiondoka. Akiwa anafunga pipa la mwisho alisikia bomba la nje likitiririka. Akadhani kuna aliyelisahau. Maji siku kama ile! Akazunguka kona na ulimi umeshanolewa.

Namba kumi na tisa alikuwa amechuchumaa chini ya bomba, taulo kiunoni, anasugua bukta kwa kipande cha sabuni. Maji yaliyokuwa yakitoka pale yalikuwa mekundu kwa udongo.

 Mama Jezi alisimama akamtazama goti la kulia, akamtazama la kushoto. Akatafuta bandeji, akatafuta kidonda, akanusa kama kuna dawa ya kuchua.

"Unaficha nini?" aliuliza.

Kijana aliruka, taulo nusura limwache. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, unaficha nini? Hiyo ni damu?"

"Ni udongo, mama."

"Udongo ni kazi yangu. Nani kakutuma uuoshe? Kocha?"

"Kocha hajui." Aliinamisha kichwa. "Mama yangu alikuwa anafulia watu. Sisi nyumbani hakuna aliyethubutu kumpelekea nguo yenye tope. Unaisuuza kwanza, ndiyo unampa. Siwezi kumtupia mtu mzima tope langu, mama. Mkono unakataa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Wenzangu wananicheka, ndiyo maana nasubiri waondoke."

 Mama Jezi hakuwa mwepesi wa kuamini, hata pale, maji mekundu yakipita kwenye ndara zake. Watu hujiandaa. Pengine kocha alijua kwamba leo atawahi. Pengine wote wawili wamepanga.

"Kesho usisuuze," akamwambia. "Nataka mfuko wako kama ulivyo. Na usimwambie mtu."

"Mama, nitaona aibu."

"Ona."

Alhamisi aliufungua mfuko ule kabla ya mingine. Bukta ilikuwa na udongo kiunoni, na kwenye nyonga zote mbili rangi ya nyasi ilikuwa imeingia ndani ya nyuzi, ile rangi ambayo haiingii ila mtu ameteleza kwa uzito wake wote. Soksi zilikuwa zimetoboka visiginoni. Jezi ilinuka jasho la mtu aliyekimbia hadi akaona giza. Mama Jezi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, bukta mapajani. Akavikumbuka vigelegele, na jinsi yule kijana alivyogeuka kutazama.

Nguo zile hakuzifua. Akazirudisha mfukoni, na Jumamosi akaingia nazo kwa kinyozi.

"Nimekosea," alisema.  Mkono wa kinyozi ukasimama juu ya kichwa cha mteja. Akawaeleza yote, bomba, sabuni, mama yake kijana. Kisha akaitoa bukta akaitandika juu ya kiti kilichokuwa wazi.

Alidhani watapumua. Fundi viatu ndiye aliyekohoa kwanza.

"Mama Jezi, tuambiane ukweli. Wiki mbili safi. Leo, siku mbili kabla ya kamati, matope. Wewe huoni?"

"Naona nilikosea, ndicho ninachoona."

"Mimi naona kocha amefika kwako."

"Hajafika."

"Basi huyo bwana harusi amefika. Kakulilia habari za mama yake, ukalainika. Tope hata mimi naweza kulipaka kwa mkono."

"Kalipake."

"Ati?"

"Chukua bukta nyingine uipake tope, kisha uifue. Tope la kupaka linatoka kwa maji matupu. Hii hapa," akaweka kidole penye ukijani wa nyonga, "ingesuuzwa ingali mbichi, kama alivyokuwa akifanya, ingetoka; sasa imelala siku mbili. Kuna sabuni pale kwa kinyozi, na beseni lile. Itoe."

Watu wakacheka, wakamsukuma fundi viatu hadi kwenye beseni. Alikunja mikono ya shati. Alisugua hadi povu likamfika kwenye viwiko, na udongo ukatoka wote, beseni likawa jekundu. Rangi ya nyasi ilibaki pale pale, kijani kibichi. Akasugua tena.

"Hiyo si ya mkono," muuza magazeti alisema taratibu.

"Sawa, kateleza," fundi viatu alijifuta jasho. "Lakini kumbuka, Mama Jezi, Jumamosi ile ulikuwa na hakika hivihivi. Sasa tukuamini ya lini, ya kwanza au ya pili?"

Mama Jezi aliitazama bukta ndani ya beseni. "Msiniamini mimi," alisema. "Iambieni kamati geti lifunguliwe, mkaone wenyewe. Mtu asihukumiwe kwa mfuko."

"Na kocha je? Naye ni mtu mwema siku hizi?"

"Kocha bado simwamini. Sijamfulia."

Walibishana hadi mteja wa kinyozi, aliyekuwa amenyolewa upande mmoja, akaanza kulalamika. Mwishoni mikono ikanyooshwa. Tawi halina pingamizi kijana apewe mkataba, na linataka geti lifunguliwe. Ilipita kwa tofauti ya mikono mitatu tu. Fundi viatu hakunyoosha wa kwake, na wakati wa kutoka aliwaambia wenzake, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba kuanzia sasa habari za ndani wazitafute kwa mtu mwingine.

Mama Jezi aliikamua ile bukta, akaikunja. Duka lilipobaki tupu, kinyozi alichukua ufagio akaanza kukusanya nywele, akizunguka mahali pamoja.

"Dada."

"Sema."

"Mimi ni mdogo wako, tumenyonya ziwa moja. Niambie mimi tu." Akauegemea ufagio. "Hawajakupa kitu kweli?"

Mama Jezi alimtazama kwenye kioo, si usoni. Miaka yote hiyo ni yeye aliyekuwa akija na mashaka mlangoni pale, naye kinyozi akiyapokea kama mkate wa moto.

"Jumatatu nenda ukaseme walichokubaliana," alisema. "Kiseme chote, usipunguze. Ukirudi ndiyo tutagombana."

Akatia mfuko kwapani, akatoka. Kinyozi alimsindikiza kwa macho hadi alipokata kona, kisha akakiinamia kile kiti, akapitisha kidole mahali bukta ilipokuwa, akakitazama kidole kama kimeshika udongo.