Malaria ya Mourine

Mama ameokoka, na kwetu Gatwekera hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza. Kwa hivyo baba mdogo Shiundu aliposema wazee hawawezi kuongea mahari yangu, mimi Nasipwondi, bila busaa, pombe yetu ya nafaka, waligombana wiki nzima. Mwishowe Mama akakubali chungu kiingie, lakini kikae chini ya kitanda changu, kimefunikwa kitambaa, na kamba aifunge yeye mwenyewe.

Kila asubuhi nilikuwa naangalia lile fundo. Halikuguswa. Lakini Mourine, mdogo wangu wa kidato cha pili, alianza kuamka macho mekundu, anachekea sufuria. Nikamwambia Mama huyu mtoto ananuka pombe. Mama akasema ni malaria, na mimi niache roho ya kushuku watu. Akamchemshia mwarobaini. Mourine akaunywa bila kulalamika, na hapo ndipo nilijua kuna shida.

Jumamosi wageni wakaja kutoka Kawangware: Irungu wangu, wazee wawili, na mama yake Irungu, aitwaye Rahab, mwenye ploti ya kupangisha, mtu hacheki ovyo. Baba mdogo akafungua chungu kwa heshima zote, akaingiza mrija, akavuta. Akachungulia ndani. Akavuta tena.

"Haya ni maji," akasema.

Wazee wakaangaliana. Kumpa mkwe maji mahali pa busaa ni kumwambia arudi kwao. Nikaokota kitambaa. Fundo lilikuwa zima, lakini katikati kulikuwa na katundu, saizi ya mrija.

Mourine naye akaingia na trei ya chai, anatembea kama mtu anavuka mtaro. Akamimina chai ya Rahab kando ya kikombe.

"Mumsamehe," Mama akasema haraka. "Ni malaria."

Rahab akanusa. "Mama Nasipwondi, hiyo malaria naijua, hata kwangu imewahi kuingia. Lakini nyumba inaita pombe malaria, nikiuliza juu ya bibi arusi nitaambiwa nini?"

Akachukua mkoba wake, akasimama. Nikaona ndoa yangu imesimama naye.

"Mama, ni busaa," nikasema. "Ametoboa kitambaa, akaongeza maji ndio usijue. Si nilikwambia?"

Mourine akajikalia sakafuni. "Nilikuwa naonja tu, mathe. Ikanibamba, ikawa tamu."

Mama akafungua mdomo, nikajua anatafuta ugonjwa mwingine. Hakuupata.

"Amelewa," akasema polepole. "Mtoto wangu amelewa."

Rahab akakaa, akaweka mkoba chini. Akasema sasa wanaweza kuongea, na chai inatosha. Ni baba mdogo tu alinung'unika, ati hajawahi kutaja ng'ombe na koo kavu. Mama akamwinua Mourine, akampeleka nje kwenye mfereji. Wazee wakaongea mahari yangu huku tukimsikia akitapika, na Mama akimwambia ule mwarobaini atamaliza wote, malaria iwe au isiwe.