Mwenyewe Anakaa Wapi

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali, na nimeichoka. Nimewauliza watu wa milimani huku Mbinga kuhusu vyandarua, nimewauliza kuhusu vyoo, nimewauliza mtoto wao alikula nini jana na juzi. Nimefukuzwa na mbwa, nimepewa ndizi, nimeposwa na mjane mmoja wa Kigonsera katikati ya maswali ya lishe. Kwa hiyo Tobias aliponipigia simu akasema safari hii tunauliza watu wanaionaje akili mnemba, nilimuuliza neno moja tu: wapi?

"Lundo, ziwani," akasema. "Dada Avelina, huu ni utafiti wa dunia nzima. Swali hilihili linaulizwa Japani, Brazili, Ujerumani, na huku kwetu. Safari hii na watu wa Lundo watasikika."

Tobias ni msimamizi wetu. Kijana mzuri, ana shahada na ana moyo, ila hajawahi kusimama juani akimweleza akili mnemba mtu anayeanika dagaa. Mimi ndiye niliyekwenda kusimama.

Kaya ya kwanza, kishikwambi changu cha kazi kilinichagulia ya Mama Hedwiga. Nilimkuta kwenye chanja ya kuanikia anamwaga usipa, hao dagaa wao wa ziwani, na kuwatandaza kwa kiganja. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema bila kugeuka. "Kama ni chandarua, tumepata."

Nikamwambia si chandarua. Nikamsomea maelezo yote, kwamba siku hizi kuna mashine zinazojibu maswali, zinatunga maneno, zinaamua mambo kama mtu. Je, akifikiria mashine hizo zinavyoingia katika maisha ya watu, ana matumaini, ana wasiwasi, au vyote viwili? Na kwa nini?

"Ya nani?" akauliza.

"Ya makampuni, mama."

"Makampuni ya nani?"

Nikatazama kishikwambi, hilo halikuwepo. Akaacha usipa wake akanitazama vizuri.

"Mwanangu, unaniuliza kama naogopa mbuzi, na hujaniambia mbuzi wa nani. Mbuzi wa jirani akila muhogo wangu, naenda kwa mwenyewe, tunakaa, tunasemezana, anajua na mimi najua. Sasa huyo wako akinilia muhogo naenda kwa nani?"

"Sijui, mama."

"Basi na mimi sijui. Njoo Jumatatu. Hili si la mtu mmoja."

Nikamweleza kwamba utafiti unataka maoni yake yeye, peke yake, bila kushauriana na mtu. Alinitazama kana kwamba nimemwambia ale amefunga mlango. Akarudi kwenye chanja yake, na mimi nikajua hapo nimeshaagwa.

Jumamosi jumuiya yao ya Wakatoliki ilisali nyumbani kwa Pankras, mwenyekiti, mvuvi mwenye sauti ya kukwaruza ambaye mke wake alinipa chumba cha kulala. Mimi Mkatoliki pia, nikakaa nao kwenye mkeka. Tukasali, tukasoma Injili, tukatangaziwa zamu za kufagia kigango. Mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo, Mama Hedwiga akanyoosha mkono akasema kuna mgeni ameleta jambo zito na asiachwe aondoke hivihivi.

Jamani, mimi nimeuliza maswali miaka yote hii na sijawahi kuona swali langu linachukuliwa hivyo. Lidia, mwalimu wa shule ya awali, alisema simu ya kaka yake ilitazama jani la muhogo ikataja ugonjwa, na ugonjwa ukawa ndio huo. Mwingine akasema yeye alionyeshwa video ya askofu anauza dawa ya magoti, na askofu mwenyewe hana habari. Wakabishana. Adinani mwenye duka, ambaye ni Mwislamu na alikuja tu kumletea Pankras betri, akasimama mlangoni akachangia, hakuna aliyemwambia haya hayakuhusu. Jua lilishapanda sana walipofikia mwisho. Pankras akasimama akasema neno la jumuiya: chombo hiki kinaweza kuwa kizuri na kinaweza kuwa kibaya, sisi tunataka kujua mwenyewe anakaa wapi, ili kikikosea twende kwake.

Wote wakasema ndivyo. Nikaona raha moyoni, na nilikuwa sijaona raha kazini siku nyingi.

Jumatatu nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kila mlango jibu lilikuwa lilelile, na karibu kwa maneno yaleyale, hata kwa Adinani dukani. Walijibu haraka, maana walishafikiri. Nilimaliza mapema kuliko nilivyotegemea, nikapanda kilima cha shule ambako mtandao unashika vizuri, nikatuma, nikashuka kwenda kula ugali na mbufu, samaki wa pale, kwa mke wa Pankras.

Kesho yake Tobias akapiga. Sauti haikuwa ya siku zote.

"Dada, mfumo umekataa kazi yako yote."

"Kwa nini?"

"Unasema umeghushi. Majibu yanafanana mno, na kila mahojiano ni mafupi. Unasema ulikaa mahali ukajijazia mwenyewe."

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga. Naweza kuvumilia jua, naweza kuvumilia mbwa. Lakini sijawahi kuandika jibu la mtu ambaye sikumwona usoni, hata siku zile nilipokuwa na homa. Kuitwa mwongo kuliniuma.

"Nani kasema nimeghushi?"

"Mfumo, dada."

"Mfumo ni nani? Nipe namba yake niongee naye."

Akashusha pumzi. "Hauna namba. Ni hiyohiyo akili mnemba, ndiyo inayokagua kazi siku hizi."

"Wewe unaniamini?"

"Mimi nakuamini. Lakini mimi sina pa kubonyeza. Rudia kaya zote, na yawe majibu ya watu kweli. La sivyo jina lako linaingia kwenye orodha ya waliofungiwa, na hiyo orodha kila mwenye utafiti anaitazama. Hutapata kazi tena, dada. Si kwetu wala kwa mwingine."

Hayo yalikuwa majibu ya watu kweli. Nikamwambia hivyo, tukaagana. Mimi shamba la kahawa sina, lilibaki kwa kaka zangu kijijini Mpepai. Nina miguu na nina jina la kuaminika, na sasa kitu nisichokijua uso kilikuwa kinaniondolea jina.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Hedwiga nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na khanga nyingine amejifunga kiunoni, akavaa kandambili.

"Haya, twende."

"Wapi, mama?"

"Kwa huyo aliyekuita mwongo. Tunampitia Pankras, tunampitia na Adinani, tunakwenda kusema mbele yake kwamba ulikuja, ulituamkia, ulituuliza na tukakujibu. Mtu hasingiziwi akaachwa peke yake."

Ndivyo wanavyofanya kwao, na hata kwetu milimani ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Ningetoa chochote niwe na nyumba ya kuwaonyesha.

"Hana kwake, mama. Ni ile mashine yenyewe niliyokuuliza. Hata msimamizi wangu hajui pa kwenda."

Akasimama pale na khanga yake. Polepole akaivua kandambili moja, kisha ya pili.

"Si nilikuuliza," akasema.

Jioni ile Pankras akaita jumuiya, ingawa haikuwa siku yake. Nikawaeleza tena, na aibu ilikuwa imenijaa. Niliwaomba tu kila mmoja anijibu upya kwa maneno yake. Lakini Pankras alishanielewa kwa haraka zaidi ya nilivyotaka.

"Inataka tutofautiane," akasema. "Basi si kazi. Tutagawana."

Wakagawana maoni kama watu wanavyogawana vyakula vya msiba, huyu unga, huyu kuni, huyu mboga. Lidia akapewa matumaini kwa ajili ya jani lake la muhogo. Kijana mmoja wa bodaboda akapewa vyote viwili. Adinani alipopangiwa wasiwasi akakataa.

"Mimi kila mwaka mnanipa wasiwasi," akasema. "Hata kwenye chandarua nilikuwa na wasiwasi. Nipeni matumaini mara moja kabla sijafa."

Watu wakacheka, akapewa. Na mimi nilipaswa kuwazuia, najua. Nilikaa tu kwenye mkeka nikawatazama watu wazima wanavaa maneno yasiyo yao ili mimi nisifukuzwe kazi. Nilikuwa nimechoka, na niliwapenda sana.

Zamu ikafika kwa Mama Hedwiga.

"Mimi langu ni lilelile," akasema.

Pankras akamwambia, "Mama, ni kwa ajili ya mgeni."

"Nyie semeni mtakavyo, sijamkataza mtu. Lakini mimi nikitamka nisilolifikiri, usiku silali. Langu ni lile."

Hakuna aliyembishia. Mtu mmoja kubaki na jibu lake hakuwezi kuharibu kitu, tukajisemea.

Nikapita tena nyumba zote. Safari hii kila mtu alikohoa kidogo kwanza, akataja alichopewa, akaongeza na sababu ya kubuni, nami nikaandika. Wengine walitunga vizuri mpaka nikashangaa. Nikapanda kilima, nikatuma, nikangoja hapohapo. Kioo kikaanza kugeuka kijani, kaya moja baada ya nyingine. Duka la Adinani kijani. Nyumba ya Lidia kijani. Kijana wa bodaboda kijani.

Moja tu ikabaki nyekundu. Ilikuwa ya Mama Hedwiga. Chini yake pameandikwa: jibu limejirudia kutoka kazi iliyokataliwa, linatiliwa shaka, rudia au futa. Na kazi yote ilikuwa haifungiki mpaka hiyo iondoke.

Nikashuka. Alikuwa kwenye chanja kama siku ile ya kwanza, anawageuza usipa upande wa pili.

"Zimepita zote," nikamwambia. "Imebaki yako. Mama, niongezee hata neno moja tofauti. Sema una wasiwasi kidogo."

"Sina wasiwasi kidogo. Nina swali."

"Najua."

"Ukiliacha hivyo hivyo?"

"Linavuta na mengine yote. Na jina langu linakwenda."

Akageuza safu nzima ya usipa kabla ya kusema tena. Nilisimama nikamngoja, na kusema kweli sikujua nataka ajibu nini. Sehemu yangu moja ilitaka akatae, tuanguke wote. Sehemu nyingine ilikuwa inafikiria kodi ya chumba changu Mbinga mjini, na nikaichukia.

"Nionyeshe pa kubonyeza," akasema.

"Mama, nitabonyeza mimi."

"Hapana. Wewe usifute maneno ya mtu, kazi yako si hiyo. Langu nitalifuta mimi."

Akajifuta mkono kwenye khanga. Nikamshikia kishikwambi, nikamwonyesha alama. Kidole kilikuwa na magamba ya samaki, kioo kikakataa kumsikia. Akajifuta tena, akabonyeza kwa nguvu kama anayepiga mhuri. Swali likatokea kama ana hakika. Nikamsomea, akasema ana hakika, akabonyeza tena.

Palepale pakawa kijani. Mahali pa jibu lake pakajiandika penyewe: mhojiwa hakupatikana.

Baada ya muda simu yangu ikaingiza ujumbe, maana upande ule wa chanja mtandao hupita kwa bahati. Alikuwa Tobias. Hongera dada, kazi safi kabisa, sasa hii ndiyo sauti halisi ya wananchi.

"Wanasemaje?" akauliza Mama Hedwiga.

"Wanasema hongera."

"Na mimi wameniandikaje?"

Ningeweza kumdanganya. Kijiji kizima kilikuwa kimeshadanganya kwa ajili yangu, mmoja zaidi asingeonekana. Lakini yeye hakudanganya.

"Wameandika hukupatikana."

Akatazama nyumba yake, akatazama chanja, akatazama miguu yake kwenye mchanga. Nikaona machozi yananijia, nikajifanya nafunga mkoba.

"Ukifika huko kwenu Mbinga," akasema, "mtu akikuuliza, sema ulinikuta."

Hakuna aliyeniuliza. Tobias hajauliza, na ile ripoti ya dunia nzima imeshatoka, inasema watu wa upande huu wa ziwa wanatofautiana sana na wengi wana matumaini. Basi nasema bila kuulizwa. Nilimkuta nyumbani kwake Lundo, anaanika usipa, na alikuwa na jibu.