Jumapili Kavu

Binti huyu alikuwa na sura moja tu ya kuringia katika tasnifu yake, sura ya nne, na aliiringia kwelikweli. Alipakua mtandaoni rekodi za mvua za kituo kimoja, akazichambua mpaka macho yakamwuma, akagundua jambo lisilowahi kusemwa na mtu: kwa miaka minne mfululizo, mvua haikunyesha Jumapili hata moja. Hata tone. Akajaza kurasa ishirini na mbili kueleza sababu: viwanda hufungwa, moshi hupungua, mawingu nayo yanapumzika. Ukimsoma, unaamini.

Msimamizi wake, mama mmoja asiyecheka na karatasi, alianzia mwisho, kwenye orodha ya marejeo.

"Umeweka anwani ya tovuti tu," alisema. "Tovuti haipimi mvua, mwanangu. Nani alipima? Miaka gani? Wewe uliifungua lini? Nenda ukaniletee mtu. Ijumaa unakabidhi."

Binti akarudi kwenye kompyuta akinung'unika. Akashuka hadi chini kabisa ya ukurasa, kwenye yale maandishi madogo ambako hafiki mtu ila aliyetumwa. Mpimaji wa kituo alitajwa kwa majina yake yote matatu. Alikuwa baba yake mkubwa.

Jamani! Mtu analala nyumba moja na chanzo chake, wanagombania bafu kila asubuhi, na hana habari.

Baba mkubwa, mstaafu wa idara ya maji, alikuwa chumbani akipiga pasi shati. Aliposikia yumo kwenye kazi ya chuo kikuu, kifua kilimpanda.

"Waambie miaka thelathini sikukosa siku."

Binti akamweleza habari ya Jumapili. Pasi ikatulia juu ya kola mpaka ikaanza kunuka.

"Funga mlango," alisema baba mkubwa. "Jumapili nilikuwa nakwenda kumwona mama yako mkubwa. Kwao mbali. Jumatatu asubuhi namwaga maji yaliyomo kwenye kipimo, naandika sifuri, maisha yanaendelea."

"Miaka yote minne, baba?"

"Mapenzi kazi, mwanangu."

Binti alitaka kulia. Kumbe kurasa ishirini na mbili alikuwa hachambui mawingu, alikuwa anachambua miguu ya baba mkubwa. Akikaa kimya, nani angejua? Wazo hilo alilala nalo na kuamka nalo, na lilikuwa tamu. Lakini angesimama mbele ya jopo kutetea uongo anaoujua, na huo moyo hakuwa nao. Siku ya pili akaenda kwa msimamizi akasema yote. Sura ya nne ikafa papo hapo. Mahafali yakasogea mwaka mzima, na njiani kurudi nyumbani alilia kweli.

"Rekodi bado utazitumia," msimamizi alikuwa amemwambia. "Ila mtaje mpimaji, eleza kuhusu Jumapili, na uweke miaka."

Baba mkubwa alikubali kutajwa, kwa sharti.

"Niandike tu. Nilikosa, nilikosa. Ila hiyo miaka iache. Sema 'zamani kidogo'."

"Baba, 'zamani kidogo' si tarehe."

"Nyie wasomi mna roho ngumu," alisema, akarudi kwenye gazeti lake. Binti akaona ni aibu ya mtu mzima tu, akaiweka miaka.

Wiki hiyo aliacha ukurasa wa marejeo mezani. Mama mkubwa, ambaye hakuna karatasi iliyowahi kuingia nyumba ile asiisome, akavaa miwani akausoma kwa sauti wakati wa chakula: jina la mumewe, tarehe ya kufungua tovuti, miaka minne mmoja mmoja, na maelezo kwamba Jumapili hazikupimwa, mpimaji akiwa safarini kwa mchumba wake.

"Kumbe nilizuia mvua mimi," alisema, na uso ukamkunjuka kwa furaha. Akausoma tena. Safari hii alihesabu kwa vidole. Baba mkubwa akaomba chumvi, nayo ilikuwa mbele yake.

Mama mkubwa akavua miwani taratibu.

"Mimi na wewe tulijuana huu mwaka wa pili ulioandikwa hapa," alisema. "Haya, mume wangu. Huo mwaka wa kwanza, mvua ya Jumapili ilikuwa inakukuta kwa nani?"