Mitalawanda ya Kanda Nyekundu

Hakuna filamu ya mapenzi iliyopita mjini petu nisiyoujua mwisho wake. Nyingi, kusema kweli, nilisinzia katikati, mwisho nikahadithiwa na muuza ngisi wa kubanika pale mlangoni pa sinema. Lakini ile ya msimu wa mvua, ya mke wa mtu aliyempenda mpiga picha, hata waliolala waliijua, kwa sababu ya bango lake.

Bango lilichorwa na Murase, mchoraji wa sinema. Uso ulikuwa wa mwigizaji wa Tokyo, ila chini ya mdomo, upande wa kushoto, Murase alitia kidoa cheusi ambacho mwigizaji hakuwa nacho. Shizue wa mjini petu alikuwa nacho. Alipita pale na kikapu cha figili, akasimama, masikio yakamwaka moto kana kwamba ameitwa kwa jina mbele ya soko zima.

Mumewe, Kenkichi, alikuwa mtu wa reli. Alirudi akinuka makaa ya mawe, akala, akalala. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Shizue: mtu mbaya angalau humpa mkewe la kusema kisimani. Kidoa kile Kenkichi hakuwahi kukitaja, na sasa kilining'inia juu ya barabara, kikubwa kama sahani.

Jumamosi Shizue alimuaga mama mkwe wake, Toku, aliyekuwa akichambua maharage.

"Naenda sinema, Mama."

"Nenda. Ukirudi unisimulie. Macho yangu ya kutazama watu wakikumbatiana yamechakaa."

"Yamechakaa, au Mama unaona haya?"

"Haya niliiacha kwetu siku nilipoolewa." Toku alitupa harage bovu. "Ila usirudi kwa njia ya Misonobari. Nyumba ya wageni ile ina sifa zake. Mimi tangu nizaliwe sijavuka kizingiti chake."

Shizue aliinamisha kichwa, akatoka, akaipita sinema bila kugeuka, akavuka daraja mpaka Misonobari. Mlangoni alivua mitalawanda yake, viatu vya mbao vyenye kanda nyeusi, akapanda ngazi kwa soksi huku moyo ukitangulia.

Murase alikuwa ameketi mkekani akimngoja, kama alivyomwandikia, kucha zake bado na rangi ya buluu.

"Ungeniomba kwanza kabla ya kunichora," Shizue alisema.

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi ndiyo maana sikuomba."

Alinyoosha mkono, akakigusa kile kidoa kwa kidole gumba. Shizue hakurudi nyuma. Alijua kwamba akibaki mpaka chai iletwe na ipoe, hatakuwa na nyumba ya kurudia. Na kwa kitambo, jambo hilo lilimpendeza kama baridi ya maji usoni.

Mtumishi akaingia na birika, msichana mwenye shingo ndefu. Alipoinama kumimina, Murase aliitazama shingo ile taratibu, kutoka kwenye nywele hadi kwenye ukosi.

"Filamu ijayo ni ya mjane," alisema kwa upole, kana kwamba anajisemea. "Mjane anahitaji shingo."

Shizue akaangalia kikombe chake. Kumbe alikuwa kidoa tu. Alisimama, akateremka ngazi mbio bila kuaga, akaingiza miguu katika viatu vya kwanza alivyovikuta.

Nyumbani, Toku alipiga magoti ukumbini kama kila mara mtu aingiapo, avigeuze viatu vitazame mlango.

"Haya. Imeishaje?"

"Mke amerudi kwa mumewe."

"Na mpiga picha?"

"Amebaki stesheni, analia."

"Maskini." Toku aliinua mtalawanda mmoja. "Na huyo mke alirudi na viatu vya nani?"

Shizue akatazama. Kanda zilikuwa nyekundu. Zake zilikuwa nyeusi.

"Nimebadilisha kwa bahati mbaya, Mama. Sinemani watu walijaa, viatu vimerundikana mlangoni."

"Sinemani." Toku alitikisa kichwa. "Hii ni ya Misonobari. Chini ya kisigino cha kushoto wamechoma msonobari mdogo kwa chuma cha moto."

Shizue alitaka kulia, kuapa kwamba hakuna kilichotendeka, kwamba alikimbia. Nani angemwamini, na miguu yake imemsemea? Akauchukua ule mtalawanda mkononi mwa mama mkwe wake, akaugeuza. Msonobari ulikuwepo, mdogo kama ukucha.

 Kisha akainua macho.

"Mama," alisema polepole, "wewe hukuugeuza."

"Nimesikia tu. Majirani husema."

"Majirani walikwambia ni cha kushoto?"

 Toku aliuchukua tena mtalawanda, akaurudisha sakafuni, akaviweka viatu viwili sambamba. Kimoja kikitazama mlango, kimoja kikitazama ndani.