Mshiko Aliouficha Bi Sichana

Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi wa Ramadhani uandame. Baada ya sala ya alasiri, Ilham alipanda ngazi za nyumba ya mke mwenzake, Bi Sichana, mtaa wa Malindi, amebeba mfuko wa nyuzi na sindano ya kroshia, ile yenye ncha iliyopinda. Tangu mlangoni Bi Sichana aliona kwamba mkono wa kulia wa binti yule umefungwa bendeji.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umefanya nini tena? Umepigana na pweza?"

"Pweza angeshaniachia," Ilham alicheka. "Daktari kanambia niupumzishe. Nimekuja kukurejeshea vitu vyako. Kufuma mimi sikujaaliwa."

Miezi mitatu nyuma, mume wao, Bwana Jaku, alimwomba Bi Sichana amfundishe mke mdogo kufuma vitambaa vya makochi, maana ametoka kijijini Paje na mjini hana mwenyeji. Bi Sichana hakukataa. Angekataa, angeonekana ana wivu. Alimfundisha kila kitu isipokuwa mshiko, yaani namna ya kushika sindano na uzi. Yeye mwenyewe aliishika sindano kwa ncha za vidole, kama kalamu. Akamwacha Ilham aikamate kwa ngumi nzima, kama mchi. Uzi wa Bi Sichana ulizunguka kidole cha mwisho, ukapita chini ya vidole viwili, ukapanda juu ya kidole cha shahada, ukateleza kwa kipimo. Wa Ilham ulibanwa na gumba, ukavutwa kwa nguvu kila tundu. Na kila binti alipoinua macho atazame, Bi Sichana aliushusha mtandio juu ya mkono wake wa kushoto, kana kwamba ni stara.

Binti alipolalamika maumivu, alimjibu: "Mikono hiyo imezoea kufunga mwani kwenye kamba, bibie. Kroshia haitaki nguvu za pwani." Ilham aliamini, akazidi kukaza.

Sasa Ilham aliuweka mfuko juu ya mkeka, akapiga magoti.

"Na mwezi mtukufu ndio huu unaingia. Umejichosha na mimi, nami nilikuwa mzito wa kufahamu. Nisamehe, Bi Mkubwa."

"Nimekusamehe." Maneno yalimtoka makavu. Kisha, kwa kuwa ndiyo ada, akaongeza: "Nawe nisamehe, kwa ninalolijua na nisilolijua."

"Nimekusamehe, duniani na akhera," Ilham alijibu papo hapo, kwa moyo mweupe.

Basi ikawa imekwisha. Kwa ada ya watu, Bi Sichana alikuwa ameshatakasika, na hapakuwa na wa kumuuliza zaidi. Lakini alikaa chuo cha Kurani utotoni, na aliyajua vyema yaliyoonywa juu ya mwenye kuulizwa ilimu akaificha. Aliipokea radhi ile kama mtu anayepokea sadaka kwa kujifanya kipofu. Atafunga vipi kesho kutwa, na mkono ule uliofungwa bendeji uko mbele ya macho yake?

"Usiondoke," alisema. "Lete huo wa kushoto."

Akauzungusha uzi kwenye kidole cha mwisho cha Ilham, akaupitisha chini ya viwili, akaupandisha juu ya shahada. "Sindano, ncha za vidole tu. Usiikamate. Iweke, itakaa yenyewe."

Kwa vidole vilivyochomoza kwenye bendeji, Ilham alifuma tundu moja, la pili, la tano. Uzi uliteleza. Uso ukamchangamka; kisha mkono ukasita.

"Bi Mkubwa, mshiko huu umeujua lini?"

Uongo ulijileta wenyewe ulimini: jana tu, kwa jirani. Bi Sichana aliumeza.

"Tangu nina miaka tisa. Marehemu mama ndiye aliyenifundisha."

"Na mimi?"

"Nilikuficha. Si mikono yako, wala si mwani. Siku ya kwanza tu niliona una mkono mwepesi kuliko wangu, nkaogopa Jaku atatandika vitambaa vyako kwenye makochi yangu."

Ilham aliishusha sindano mapajani.

"Mama yangu kafunga mwani miaka ishirini," alisema. "Juzi nimempigia simu, nkamwambia kanirithisha mikono mibaya. Akanitaka radhi."

Bi Sichana alifunika uso kwa mtandio.

"Ile samahani ya sasa hivi," Ilham akaendelea, "nilimpa mtu mwengine. Wewe bado sijakusamehe."

"Ni haki yako."

Huko chini mchukuzi mmoja wa bandarini alimtukana mwenzake kwa kumkanyagia mzigo.

"Kidole cha mwisho," Ilham aliuliza, bila kumtazama, "kinazungushwa mara moja au mbili?"

"Moja. Mbili, kama uzi wenyewe mtelezi."

Wakaendelea hivyo, swali na jibu, mpaka ikaadhiniwa magharibi. Ilham akatia nyuzi mfukoni, na mfuko akauchukua.

"Kesho ntakuja," alisema mlangoni. "Kujifunza. Hilo jengine, usinihimize."

Bi Sichana alitawadha, akatandika msala, akasimama kuelekea kibla. Na akabaki amesimama kitambo kirefu kabla ya kuweza kutia nia.