Picha za Akiba

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele wa studio, Kimya alifanya mambo matatu. Alifuta kaunta kwa kitambaa kibichi. Alitoa kamera kwenye rafu ya pili akaipuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira. Kisha aliiweka jichoni, akailenga saa ya ukutani ya fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, akazungusha pete ya lenzi mpaka namba zikasomeka, akabonyeza mara moja. Picha hiyo aliifuta papo hapo. Ilikuwa salamu tu, yeye na kamera.

Jumanne hiyo mkono wake ulifika rafu ya pili ukashika kitu usichokijua.

Kilikuwa kizito, cheusi, kimejaa kifua, na lenzi yake pana kama mdomo wa kikombe. Kamera ya siku zote ilikuwa imeshushwa rafu ya chini kabisa, imefunikwa kitambaa cha manjano, kama mtu aliyeambiwa asubiri nje.

Machale yakamcheza. Kwa nini iletwe bila yeye kuambiwa? Aliangalia mlango wa chumba cha ndani. Mjomba alikuwa bado hajafika. Akaiweka ile kamera jichoni. Saa ya fundi ilikuwa ukungu mtupu. Akazungusha pete kulia, akazungusha kushoto, ukungu uleule. Ndipo kidole chake kikagusa kigurudumu kidogo kando ya kitundu cha kuchungulia, kile ambacho hakigusi picha hata kidogo. Kinamrekebishia tu mwenye kuchungulia, kulingana na jicho lake. Kilikuwa kimesokotwa mpaka mwisho.

Kamera ilikuwa imelala humo usiku mmoja tu, na tayari Mjomba alikuwa amekifikisha mwisho. Kimya alihesabu alama alizokirudisha nyuma, akaona saa, akakisokota tena mpaka pale alipokikuta. Akafuta alama za vidole vyake. Alijihisi kama mwizi ndani ya nyumba yao wenyewe.

Jina la Kimya alipewa na Mjomba, kaka wa mama yake, siku aliyomaliza chuo na kuja kufanya kazi hapo. Neno la maana la binti huyu lilikuwa na tabia ya kufika wakati watu wameshavaa viatu wanaondoka. Mjomba, kinyume chake, aliongea na wateja, na taa, hata na stendi. Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuna aliyezivunja. Ya kwanza: fokasi, ule ukali wa picha, inashikwa kwa mkono. "Mashine inajua uso uko wapi," alisema, "lakini haijui ni uso gani mama mtu atautafuta kwanza akifungua albamu." Ya pili: kila kazi ina kamera mbili. Mjomba anasimama mbele na kamera yake, Kimya anasimama begani kwake na pacha wa kamera ile, anapiga picha za akiba, kwa ajili ya siku ambayo kadi ya kuhifadhia picha itaharibika.

Katika miaka yote hiyo kadi iliharibika mara mbili tu. Lakini kwa miezi minne sasa, picha za akiba zilikuwa na kazi nyingine.

Ilianza na bwana harusi mmoja. Katika picha ya Mjomba, kifungo cha koti kilikuwa kikali kama sindano, na uso ulikuwa kama umekaa nyuma ya pazia. Kimya, ambaye ndiye huchagua na kusafisha picha kwenye kompyuta, alitafuta ya kwake ya dakika ileile, akaiweka mahali pake. Mjomba alipoiona albamu alitikisa kichwa kwa furaha. "Mkono bado upo, Kimya." Albamu iliyofuata Kimya alibadilisha tano. Ya mwisho ilikuwa na picha arobaini, na ishirini na sita zilikuwa zake. Kila mara alijiambia atasema kesho.

Sasa hii kamera. Na wiki iliyopita alimkuta Mjomba ameinamia albamu ya zamani na rula mkononi, akipima. Alipoingia, Mjomba aliifunga albamu haraka na kuuliza habari za mama yake Kimya, ambaye Mjomba mwenyewe alikuwa amezungumza naye kwa simu asubuhi hiyohiyo.

"Kuna namna," Kimya aliiambia kompyuta.

Saa nne akaja Mkoba. Huyu alikuwa muuzaji wa vifaa, na hakuna aliyewahi kumwona bila begi lake la mistari begani. Alikaa kwenye kiti cha wateja kama amekizaa.

"Mmeshalala nayo usiku mmoja, eh?" alimwambia Mjomba, aliyekuwa ameshafika. "Wiki nzima ni yako, Mzee. Ijaribu. Usipoipenda naichukua, hatudaiani hata ahsante."

"Ina ukubwa gani hasa?" aliuliza Mama Fremu kutoka meza ya nyuma. Yeye ndiye alikata vioo na mbao za fremu, na ulimi wake ulikata kuliko kisu chake.

"Si ukubwa wa nje, mama. Ndani. Kihisi chake, kile kinachopokea mwanga, kinakimeza kile cha kamera zenu za fremu kamili na nafasi inabaki. Miaka mitatu tu, nawaambia, fremu kamili zitakuwa vitu vya makumbusho."

"Mwaka juzi ulisema hivyohivyo kuhusu fremu zangu za mbao."

"Na?"

"Na umekaa chini ya moja."

Mjomba alicheka, lakini macho yake hayakuwapo kwenye kicheko. Kimya alisema, kwa sauti ambayo ilibidi wote wanyamaze ndipo isikike, "Ni nzito. Na inaenda polepole. Watoto hawakai."

"Binti yangu, hata wapiga picha wa filamu walisema hivyohivyo. Wako wapi?" Mkoba aliuliza.

"Na inaposhika fokasi," Kimya aliendelea, uso umemwiva, "sehemu iliyo kali ni nyembamba zaidi. Ukikosea kidogo tu, inaonekana. Hiyo haisamehe."

Mkoba alimtazama, kisha akamtazama Mjomba, kama watu wawili wenye siri. Au Kimya ndivyo alivyoona. Kisha Mjomba akauliza swali la ajabu.

"Umbo lake la picha ni lilelile ulilosema? Halifanani na la hizi zetu?"

"Halifanani. Zenu ni ndefu, tatu kwa mbili. Hii ni nne kwa tatu, imenona kidogo."

"Ukiziweka pamoja unazijua?"

"Hata kwa kupapasa."

Mjomba akaegemea kiti, ametulia kama mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. Hakuuliza juu ya lenzi. Hakuuliza juu ya rangi, yeye ambaye angeweza kugombania rangi ya ngozi ya mtu asubuhi nzima. Mkoba alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, hilo lilikuwa wazi. Lakini Mjomba alikuwa anataka nini?

Alhamisi ilikuwa zamu ya familia ya Mwalimu Mkuu, mama aliyestaafu baada ya kufundisha nusu ya mtaa ule. Walikuja tisa. Mwalimu Mkuu aliwapanga mwenyewe kama wanafunzi wa mstari wa asubuhi, akamweka mama yake mzazi katikati kwenye kiti, na binti yake wa mwisho pembeni kabisa, mkono juu ya bega la kaka yake.

"Wewe binti mbona unajificha nyuma ya huyu?" Mwalimu Mkuu alimuuliza Kimya. "Nilikufundisha kusimama hivyo?"

"Huyu ndiye akiba yangu," Mjomba alijibu. Alisema kwa tabasamu, lakini neno "akiba" alilitamka kwa uzito mpya, na Kimya alilisikia likitua.

Alimtazama akifanya kazi. Kamera kubwa ilikuwa juu ya stendi, Mjomba ameinama, anazungusha pete, anasimama, anapangusa jicho kwa mgongo wa mkono, anainama tena. Zamani alizungusha mara moja tu, kama mtu anayefungua bomba la nyumbani kwake. Mwisho alisema, "Pumueni," ambalo ndilo neno lake, na watu wakacheka, akabonyeza. Kimya, begani kwake, akabonyeza pia.

Mchana, Mjomba akiwa chumba cha ndani, Kimya alifungua picha kwenye kompyuta. Ilikuwa vile alivyohofia, na zaidi. Kamera ile kubwa ilikuwa imeona kila kitu: nyuzi za zulia, kucha, mshono uliofumuka kwenye mkono wa kiti. Mkono wa kiti ulikuwa mzuri ajabu. Uso wa bibi, sentimita chache nyuma yake, ulikuwa umeyeyuka. Picha ishirini na mbili, na hakuna hata moja yenye macho ya bibi. Kwenye kamera ya zamani kosa hilo lingeweza kufichika kwa kupunguza ukubwa wa picha na kuomba Mungu. Hapa lilikuwa limepanuliwa na kuwekewa taa.

Akafungua ya kwake. Bibi alikuwepo, macho yote mawili, na kicheko kilichobakiza meno matatu. Akaichapisha, akaipeleka kwa Mama Fremu pamoja na moja ya Mjomba, ili zikae jozi.

Mama Fremu aliziweka juu ya meza, akachukua mbao aliyokwisha kuikata.

"Hii inaingia. Hii haiingii. Mbona huyu wa Mzee kanenepa mashavu? Fremu zangu zote ni za umbo refu. Hizi picha si ndugu, mwanangu. Hata kipofu ataniambia hii ni ya Mzee na hii si yake."

Kimya alisimama pale. Rula. Swali la umbo. *Ukiziweka pamoja unazijua?* Kila kitu kilijipanga chenyewe, kama ile familia ilivyopangwa na Mwalimu Mkuu. Mjomba hakuileta kamera kubwa kwa sababu ya Mkoba na miaka yake mitatu. Aliileta ili ajue ni picha zipi ndani ya albamu ni zake. Alikuwa amemtegea.

Alirudi kwenye kompyuta. Njia ilikuwepo, nayo ilikuwa fupi. Kukata picha yake pande mbili, kulia kidogo na kushoto kidogo, mpaka ipate umbo la ile kubwa. Kazi ya nusu dakika. Mjomba angepima kwa rula yake na kuridhika, na wiki ijayo vivyo hivyo, na mwezi ujao.

Aliivuta mistari ya kukatia. Upande wa kushoto ulimaliza ukanda mwembamba wa ukuta mtupu, hapakubaki pa kuongeza. Upande wa kulia ulipita katikati ya binti wa mwisho wa Mwalimu Mkuu. Alibaki mkono tu, juu ya bega la kaka yake, mkono usio na mtu.

Kimya aliutazama mkono ule. Hakubonyeza.

"Kata," sauti ya Mjomba ilisema nyuma yake. "Mbona umesita?"

Hakujua amesimama pale tangu lini. Mama Fremu alijitia kutafuta misumari.

"Ishirini na sita," Mjomba alisema. Hakuwa anafoka, afadhali angefoka. "Albamu ya mwisho. Nilikuwa nakumbuka niliposimama, na picha nyingine zilikuwa zimepigwa kutoka begani. Nikazipima kwa rula, zote umbo moja, nikajiambia labda nazeeka, nasahau. Sasa nikasema nitafute kamera ambayo picha zake hazichanganyiki na za mtu. Mkoba anasema studio nyingi zinakwenda hivi. Kijana anaweka za kwake moja moja, wateja wanaanza kumuulizia yeye, siku moja mwenye nyumba anaamka ni mgeni." Alivuta pumzi. "Ukitaka kiti changu, Kimya, si ungeniomba? Wewe ni mwana wa dada yangu. Ningekataa nini?"

Kimya alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yanasukumana, na yote yalitaka kuomba radhi kwanza. Alitamani mteja aingie. Hakuna aliyeingia.

Akapiga moyo konde. Akasogeza kiti, akamshika Mjomba mkono, akamkalisha mbele ya skrini. Akafungua picha ya Mjomba, ile ya kamera kubwa, akaikuza mpaka uso wa bibi ukajaa skrini nzima.

"Unamwona?"

Mjomba alisogeza kichwa mbele. Akakirudisha nyuma. Akafinya jicho la kulia.

"Namwona. Ukungu kidogo. Ile ya zamani ilianza ukungu, ndiyo maana nikasema imechoka, labda hii yenye kihisi kikubwa..."

Kimya akafungua ya kwake, akaikuza vilevile. "Na huyu?"

Ng'ambo ya barabara cherehani ya fundi ilinguruma, ikakata.

"Huyu pia," Mjomba alisema polepole. "Ukungu uleule."

Mama Fremu aliacha misumari.

"Huyu hana ukungu, Mjomba." Sauti ya Kimya ilitetemeka, lakini ilitoka, na ilisikika mpaka meza ya nyuma. "Huyu ni mkali mpaka kope. Ile kamera ya zamani haijachoka, na hii kubwa haitakusaidia, hata waongeze kihisi kiwe kama mlango. Ni macho yako. Nimejua miezi minne. Nilibadilisha picha kwa sababu sikutaka usikie, nikakuacha peke yako na tatizo hilo, na hilo ndilo kosa langu. Kiti chako sikitaki. Nataka kesho twende hospitali, mimi na wewe, nikushike mkono, na ukirudi unisimamie begani uniambie ni uso gani mama mtu atautafuta kwanza."